Wako Hasi

Maabara, ghorofa ya pili
3 Februari

Shemeji Usukani,

Hujambo huko? Sisi huku wazima. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimekaa kwenye kiti changu kibovu nausubiri huo mshindo. Tangu uliponipigia simu mwezi wa kumi hujaandika hata mstari mmoja. Kwenye kompyuta unanitumia grafu na majedwali bila hata salamu, kana kwamba mimi ni mashine ya kuchapia. Tulikubaliana tangu ujana, au umesahau? Kompyuta ni ya data, karatasi ni ya moyo.

Haya, nina habari. Nimeomba kuacha kufundisha mwisho wa muhula huu. Mkuu wa idara amekubali haraka mno, hata kunibembeleza kidogo kwa heshima tu hakunibembeleza. Akasema chumba chetu, kama hakuna wa kukishika, kitakuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Nikamwambia vizuri, vianze na hiki changu. Hakucheka. Vijana hawa wakishapewa ofisi yenye zulia, utani wanauacha mlangoni.

Kinachoniumiza kichwa ni Mtulivu. Nimpeleke wapi? Majokofu mengine yote hapa yamejaa, na hakuna anayetaka kutunza hamira ya wazee wawili. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi habari zake kwa mara ya mwisho. Nikawaambia: tulichukua hamira ya kawaida, ndugu wa ile inayoumua mkate, tukaipandikiza jeni ya rangi ya kijani. Rangi ikizidi, jeni ya pili inaamka na kufunga breki. Rangi ikipungua, breki inaachia. Uipe sukari au uinyime, yenyewe inarudi palepale ilipoambiwa ikae. Nikawaambia rangi ni yangu mimi niliyesomea viumbe, breki ni ya shemeji yangu aliyetoka kwenye uhandisi wa mitambo, ndiyo maana yeye anaitwa Usukani na mimi Hamira.

Baada ya kipindi nikaenda kuosha vyupa kwenye sinki la kona. Bomba la maji moto ni lilelile, na tabia ni ileile. Unafungua, baridi. Unazungusha zaidi, baridi. Ukishakata tamaa na kuzungusha mpaka mwisho, linakubabua. Nikakukumbuka siku ile ulipokuja mara ya kwanza kuazima feni, ukanikuta natukana bomba. Ukasema, "Kaka, kosa si la maji, ni la haraka yako. Maji unayoyasikia sasa ni ya uamuzi wako wa zamani." Sikujua hata jina lako, na ulishanifundisha somo zima la uchelewaji. Mkono ulikuwa umeungua, lakini moyoni nilisema huyu haondoki na feni yangu bila kuniachia kitu.

Ukaniachia mdogo wako nikamuoa. Biashara ile nilipata faida mimi.

Niambie cha kufanya na Mtulivu.

Wako hasi,
Hamira


Chumba cha juu, nyumba ya wafanyakazi
24 Februari

Mheshimiwa Shemeji,

Barua yako nimeipata. Asante.

Unaulizia kimya changu. Nilidhani anayejua sababu yake ni wewe. Siku ile nilikupigia nikakwambia jambo nililokuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo kama msichana anayeenda kuomba kazi yake ya kwanza. Ukanijibu, tena kwa furaha kubwa, kwamba niendelee hukuhuku. Mtu mzima akishajibiwa harudii swali. Ndiyo maana nikabaki na grafu, kwa sababu grafu hainivunji moyo.

Basi naendelea hukuhuku kama ulivyotaka. Taasisi ya huku ugenini imeniwekea mezani mkataba wa miaka mitano. Wanataka jibu kabla mwezi ujao haujaisha. Chumba hiki wanasema watanibadilishia, nipewe chenye roshani. Nimeishi humu muda mrefu kiasi kwamba najua ni kigae kipi cha sakafu kinacholia, na bado nikiingia navua viatu taratibu kama mgeni anayeogopa kumwamsha mwenye nyumba.

Ile tuzo niliyokuandikia mwaka jana kwamba nimependekezwa, kwa kuwa hukuniuliza, ilitolewa mwezi wa kumi na moja. Walinipa dakika chache za kushukuru. Nikasema namshukuru Hamira, ambaye bila yeye nisingefika hapo. Ukumbi mzima ulicheka ukapiga makofi. Walidhani naishukuru chembe iliyo kwenye chupa! Nilisimama pale na maua mkononi, nikawaza kwamba mtu mmoja tu duniani angeelewa, na huyo mtu alishaniambia nikae mbali.

Huniambii kwa nini unaacha kufundisha. Uliwahi kuniambia watakutoa darasani wamekubeba na ubao wako. Umechoka na kazi au umechoka na mimi? Nikikumbuka kile chumba, meza yangu dirishani, yako mlangoni, na lile tangi la kukuzia hamira katikati linanguruma mchana kutwa mpaka tukawa tunaongea kwa kupokezana na ngurumo zake, siamini kwamba kinaweza kugeuka stoo na wewe ukaandika utani.

Kuhusu Mtulivu, sina la kusema kwa sasa. Msalimie mdogo wangu.

Wako,
Usukani


Maabara
15 Machi

Shemeji Usukani,

Umesaini "Wako" peke yake. Neno moja limeanguka njiani, au watu wa posta wamelila? Maana mimi na wewe tumekuwa hasi tangu siku tuliyoelewana kwamba mrejesho hasi, yaani breki kama ile ya Mtulivu, ndio unaotuliza mambo, na chanya ndio unaofanya spika ipige mluzi mpaka watu wazibe masikio. Dada mtu unasaini "Wako" kama mtu wa bima!

Unakumbuka mdogo wako alipokuwa bado mchumba wangu? Alikuta barua yako mfukoni mwa koti langu, mwisho wake umeandika "Wako hasi". Alilia siku nzima akidhani mimi na dada yake tumegombana na harusi imeharibika. Ilibidi nimpeleke kanisani kwao kwenye kipaza sauti, nikakielekeza kwenye spika ili asikie chanya ikoje. Akanielewa. Mzee wa kanisa ndiye hakunielewa.

Nimesoma barua yako kwa makini. Unasema nilikujibu uendelee hukohuko. Ndiyo, nilisema, na narudia hapa kwa maandishi: hongera sana, umestahili, endelea hukohuko! Nani mwenye akili angekuambia vinginevyo? Miaka mitano mtu hapewi kama njugu. Na roshani juu yake. Sijui nimekosea wapi katika hayo, lakini kama sauti yangu ilikuwa ya kishamba, nisamehe, mimi na simu hatujawahi kupatana.

Kwa nini naacha? Magoti, shemeji. Ngazi za ghorofa ya pili zimenizoea mpaka zinanidharau. Na uzee. Na chaki inanikohoza. Ukitaka sababu nyingine nitakutafutia, ninazo nyingi.

Nimechoka na wewe? Ebo! Meza yako ya dirishani sijamruhusu mtu kuikalia. Ule mguu wake mfupi bado nimeuwekea kile kitabu cha milinganyo ulichosema hakina faida nyingine.

Tafadhali niambie kuhusu Mtulivu. Muhula unaisha.

Wako hasi, utake usitake,
Hamira


2 Aprili

Mheshimiwa,

Umerudia kwa maandishi. Asante, sasa nina mhuri.

Walinipa nyongeza ya miezi miwili, nikawaambia siihitaji. Nasaini Ijumaa.

Mtulivu mpe atakayemtaka. Kama hayupo, mmwage kwenye sinki la kona na umfungulie maji ya moto. Subiri tu yafike, yanachelewa.

Usukani


Nyumbani
17 Aprili

Dada yangu,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu wewe na mume wangu hamuamini kitu kisicho na stempu. Ningekupigia, lakini nikikusikia nitakugombeza kabla sijamaliza salamu. Shikamoo. Sasa sikiliza.

Hamira hasikii.

Si kwamba hasikii maneno ya watu, hilo tulishalizoea. Masikio yake yamekufa, Dada. La kulia limekwisha kabisa, la kushoto linaokoteza. Amelificha jambo hili kwa mwaka mzima na zaidi, kwangu mimi mke wake, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma taarifa ya habari redioni! Unajua jinsi alivyokuwa. Kila jioni nikisoma, yeye yupo sebuleni kakaa mbele ya redio, nikirudi ananiambia neno gani nimelimeza. Basi siku moja nilikuwa na mafua, sauti imekauka, akasoma mwenzangu, mwanaume mwenye sauti ya kutisha watoto. Narudi nyumbani, mume wangu ananiambia, "Leo umesoma vizuri, mke wangu, sauti imetulia."

Nilikaa chini hata viatu sijavua. Halafu nikaenda nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa jina lake la kweli, lile ninalolitumia nikikasirika tu. Hakugeuka.

Alilia, Dada. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa mama yake alikuwa anapanga viti. Akanieleza kilichomfanya aache kufundisha. Binti mmoja wa safu ya pili alisimama darasani akaomba ruhusa aende hospitali, mama yake amelazwa na hali si nzuri. Yeye aliona midomo inacheza. Akatabasamu, akasema, "Swali zuri sana, tutalijadili wiki ijayo." Yule binti akakaa na kuanza kulia, na mwalimu wake akageukia ubao akaendelea kuchora mishale. Alikuja kujua kesho yake, mwanafunzi mwingine alipomwandikia. Siku hiyohiyo akapeleka barua ya kuacha kazi. Binti mwenyewe alikuwa ameshaondoka, hajamwona tena.

Ananikataza nisikuambie. Anasema wewe ndiye mtu pekee ambaye bado anamwona kama zamani.

Sasa juzi nimemkuta ameishika barua yako, ile ya kumwaga Mtulivu kwenye sinki. Ameinyoosha mezani kama mtu anayepiga pasi kwa viganja. Nikaisoma, na ile ya Februari iliyokuwa chini yake. Nikamuuliza, "Dada alikwambia nini kwenye simu mwezi wa kumi?" Akasema, "Alinipa habari za tuzo. Nikampongeza." Hata mimi nakumbuka, aliniita jikoni akaniambia dada yako amepata tuzo, tukanunua keki tukala wawili.

Lakini wewe kwenye barua ya Februari unasema tuzo ilitolewa mwezi wa kumi na moja. Haya, Dada. Ulimwambia nini mume wangu?

Mdogo wako,
Kitinda


Chumba cha juu
5 Mei

Hamira,

Kumbe.

Nimesoma barua ya Kitinda kwenye lifti ya taasisi. Nilianza kucheka, kisha nikaanza kulia, na mlango ulipofunguka watu wakaamua kupanda ngazi. Usimkasirikie mke wako. Ukimkasirikia nitakuja kumtetea, na mimi ni mkali kuliko yeye.

Nitakuandikia sasa nilichosema kwenye simu ile, neno kwa neno, kwa sababu nimekuwa nikilisikia kichwani tangu siku hiyo. Nilisema: "Shemeji, nimechoka kuwa mgeni. Nataka kurudi tushike maabara pamoja kama zamani. Nipokee." Ukajibu: "Hongera sana! Umestahili! Endelea hukohuko, tunajivunia!" Kisha ukakata simu. Wewe ungewaza nini, bwana?

Halafu ukanirudishia maneno hayohayo kwenye karatasi! Ungeniandikia tu, "Shemeji, sikukusikia, ulisema nini?" Ungepungukiwa na nini? Nimekukasirikia miezi yote hii kwa jambo ambalo hukulifanya, na sasa nakukasirikia kwa lile ulilolifanya. Ulinifundisha mwenyewe kwamba chembe ya hamira, haina macho wala masikio, kutwa kucha inayaonja maji iliyomo na kuyauliza: sukari ipo, haipo? Haioni haya. Msomi mzima kama wewe unaona haya ya kusema "Eti?"

Na mimi je, niliyepewa tuzo ya mambo ya mrejesho? Nilipata jibu lisilolingana na swali, nikalimeza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba jibu likiwa halifanani na swali, unakagua waya kwanza. Lakini mimi nilijua mitambo, kiburi changu sikuwahi kukichora kwenye mchoro wowote.

Sasa nisikilize kwa macho. Mfumo ukipoteza kitambuzi, kile kinachouletea habari za nje, hatuutupi stoo pamoja na viti. Tunaufungia kingine. Kitambuzi hicho ninacho, kina shahada nyingi na miguu iliyovimba, na kimechoka kukaa ghorofani.

Mkataba nilisaini ile Ijumaa, kama nilivyokutishia. Kisha nikautia kwenye mkoba ili niupeleke. Kila asubuhi nilisema nitaupeleka mchana, na mchana nikasema kesho. Mkono ulikuwa unakataa. Barua ya Kitinda imeukuta humo humo. Leo nimeurudisha na shukrani, nimeupiga mstari katikati.

Kwa hiyo, shemeji, naliuliza swali langu upya kwa herufi kubwa:

NATAKA KURUDI. NIPOKEE.

Jibu ulichosoma, usijibu ulichokisia. Na kama Mtulivu yuko kwenye bomba la maji taka, niambie sasa hivi nianze kulia mapema.

Wako hasi,
Usukani


Maabara
28 Mei

Shemeji,

Mtulivu hajambo. Ulidhani ningemmwaga? Ningekumwaga wewe kwanza.

Naona aibu. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena, basi acha likae. Yalianza kuondoka majina ya wanafunzi, nikadhani vijana wa siku hizi wananong'ona. Likafuata tangi. Unakumbuka nilivyokuwa nikijua kwa ngurumo tu kama linakoroga vizuri, nikiwa bado ngazini? Siku moja nimeingia, nikadhani umeme umekatika, kumbe linafanya kazi. Sasa naliwekea kiganja ubavuni ndiyo nalisikia. Nimesimama hivyo siku nyingi, shemeji, nimelishika kama ng'ombe mgonjwa.

Na sauti ya mke wangu, ile iliyonioa mimi kabla sijamuoa mwenyewe. Nilikuwa nakaa mbele ya redio natazama saa, nikijua sasa anasoma, sasa amefika kwenye hali ya hewa. Niliijaza mwenyewe kichwani. Ndiyo maana niliona vigumu kukubali kwamba imekwenda.

Kuhusu swali lako. Watu wenye mashine ambazo mimi naziona kwenye picha tu wamekupa miaka mitano, na wewe umeipiga mstari katikati. Uje ufanye nini? Ukae kwenye chumba chenye sinki bovu, uwe masikio ya mzee? Darasani nimekuwa dereva aliyefumba macho, anakanyaga mafuta na kuwaambia abiria safari ni njema. Yule binti mama yake alikuwa anakufa na mimi nikamwambia swali zuri. Sijui hata kama mama huyo yupo hai, na nimeogopa kuuliza. Sitaki kubebwa, shemeji. Sitaki uje uone. Nenda kawaombe radhi wakupe karatasi nyingine usaini. Jibu langu ni hapana, na nimelifikiria vizuri.

Hamira


29 Mei, asubuhi

Shemeji, barua hiyo hapo juu ililala mezani nyumbani. Kitinda ameiona akiwa anatafuta funguo zake, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu, utaona mwenyewe: "Mwongo." Naipeleka pamoja na wino wake, kwa sababu nyumba hii haina karatasi nyingine safi na kwa sababu amesema kweli.

Siku barua yako ilipofika nilishuka ngazi zote, magoti na yote, nikaenda kwa mkuu wa idara. Nikamwambia akatafute stoo kwingine, chumba kimepata mwenyewe, na barua yangu ya kuacha kazi anirudishie. Akasema kitu kirefu sana. Sikukisikia, nikamwambia aniandikie. Mara ya kwanza maishani, shemeji: "Sisikii, niandikie." Akachukua kalamu akaandika, bila kucheka, "Anaanza lini?"

Hayo nilikuwa nimeyafanya kabla sijakuandikia hapana.

Njoo. Meza ipo dirishani. Kitabu cha milinganyo bado kimeushikilia mguu.

Wako hasi,
Hamira


Ukumbi wa mihadhara, kipindi cha kwanza
Vikaratasi, kutoka kwa Hamira ubaoni kwenda kwa Usukani safu ya mbele na kurudi
6 Oktoba

Hamira, hicho kifaa kipya cha sikioni kinapiga mluzi. Safu ya kwanza yote imeziba masikio. Hiyo ni chanya. Punguza. —U.

Yaani kila mtu anakisikia isipokuwa mimi? Nimepunguza. —H.

Wa nyuma, mwenye miwani, anauliza kwa nini mrejesho huo unaitwa hasi ilhali una faida. —U.

Mwambie atafute shemeji, ataelewa. —H.

Wacha masihara, watu wanasubiri. Chora bomba la sinki. —U.

Nimechora. Wamecheka? Nimeona mabega. —H.

Wamecheka. Mmoja anasema hata kwao lipo la hivyo. Ngoja. Kuna binti amesimama safu ya pili. Anasema alisimamisha masomo mapema mwaka huu, leo ndiyo amerudi. Hana swali. Anasema mama yake alipona, alitaka tu mwalimu ajue. Shemeji, anakutazama wewe, si mimi. —U.

Mwambie nimesikia.

Wako hasi,
Hamira